Daftari la Nusu Nusu

Kila asubuhi kabla ya shule nilikula bakuli la tambi dukani kwetu, huku baba akivuta unga uliokandwa kuwa nyuzi ndefu za tambi nyuma ya kaunta. Kwetu Lanzhou, mji wa China, mtu hula tambi asubuhi kana kwamba mchana hautafika. Jioni nilifuta meza, kisha nikafungua daftari langu la miraba na kunakili herufi ishirini, kila moja mara kumi.

Kazi hiyo haikutoka shuleni. Ilitoka kwa Dada Qiu, mtafiti wa chuo kikuu kilicho nyuma ya duka letu na mteja wetu wa kila siku. Alitaka kujua ubongo unasomaje Kichina: ubongo wa aliyezaliwa nacho, na wa aliyejifunza ukubwani. Alitupanga wawili wawili. Mwenzangu alikuwa Sarnai, mwanafunzi wa chuo kutoka Mongolia. Kwa wiki nne tulitakiwa kunakili herufi zile zile, za zamani na ngumu, ambazo hakuna kati yetu aliyezijua. Kisha tungevaa kofia yenye nyaya na kuzisoma kwenye skrini, nayo mashine ingeonyesha jinsi ubongo unavyozipokea.

"Nataka kuona kama mkono unaufundisha ubongo," Dada Qiu alituambia. "Maliza herufi moja ndipo uanze nyingine. Ni hilo tu."

Siku tatu nilitii. Siku ya nne uvivu ulinishinda, nikarudia ujanja ambao kila mtoto wa shule yetu anaujua. Herufi nyingi zina pande mbili: unaandika upande wa kushoto pekee kwa safu nzima, juu hadi chini, kisha unarudi juu na kujaza upande wa kulia. Mkono unakimbia na macho yanatazama katuni. Ukurasa ukijaa, hakuna anayeweza kujua.

Dada Qiu aliusifu mwandiko wangu. Daftari la Sarnai lilikuwa na mistari iliyopinda na wino uliochuruzika, nami nilimtania bila huruma.

"Dada Sarnai, herufi zako zimekunywa pombe?"

"Zimelewa kweli," alijibu akicheka. "Lakini nyumbani zinapajua."

Siku ya kipimo Sarnai ndiye aliyenivisha kofia. Alitamani sana kuwa msaidizi wa Dada Qiu, na hiyo ilikuwa nafasi yake ya kwanza. Alinipaka kichwani taratibu mafuta mazito ya kushikiza nyaya, akiniuliza kila mara kama naumia.

Majibu yalipotoka, Dada Qiu alikunja uso. Ubongo wa Sarnai ulizitambua herufi. Wangu ulizipokea kama vitu usivyowahi kukutana navyo. Dada Qiu aliamini kuna waya uliolegea kwenye kofia yangu. Kurudia hakukuwezekana, kwa sababu tulikwisha kuziona herufi zile kwenye skrini. Alisema atatuondoa sote wawili katika utafiti, na kwamba Sarnai asiguse kofia tena. Nilikuwa nimekaa pale pale. Nikachukua mkoba wangu, nikarudi dukani.

Jioni Sarnai alikuja dukani. Aliniwekea mezani pakiti ya maziwa makavu ya kwao, macho yake mekundu.

"Nisamehe, mdogo wangu," alisema. "Mwezi mzima umeandika, halafu mikono yangu ikakuharibia."

Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Kesho yake asubuhi sikuzigusa tambi zangu. Baba alilitazama bakuli langu, akaniuliza naumwa wapi. Nikamwambia yote, kwa sauti ya chini, nikitazama kaunta. Aliacha unga ukining'inia mikononi mwake.

"Hayo mimi siyahitaji," alisema. "Kamwambie anayelaumiwa bure, na aliyemlaumu."

Baada ya masomo nilikwenda chuoni. Sikujua nianzie wapi, basi nilichukua kalamu na kuandika mbele ya Dada Qiu. Upande wa kushoto, safu nzima. Kisha nikarudi juu. Aliuzuia mkono wangu kabla sijafika kati.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya nne."

"Kwa hiyo kofia ilikuwa nzima."

Nilitikisa kichwa kukubali, nikaanza kulia. Hakunibembeleza. Alimpigia simu Sarnai, na alipofika akamwomba radhi mbele yangu, mtu mzima akiinamisha kichwa kwa kosa langu. Hilo liliniuma kuliko kofi. Nami nikamwomba radhi. Sarnai aliitazama ile safu ya nusu herufi.

"Zangu zilikuwa zimelewa," alisema. "Zako hazikuwahi hata kuzaliwa."

Hakucheka, wala mimi sikucheka.

Dada Qiu alitutafutia orodha mpya ya herufi, na wiki nne nyingine. Sarnai alikubali kuanza upya, ingawa hakuwa na kosa. Kila jioni tuliandika kwenye meza moja dukani, herufi nzima kwanza, kisha nyingine. Wiki ya pili alianza tena kutaniana nami.

Siku ya kipimo Sarnai alinivisha kofia kwa mikono yake mwenyewe. Safari hii ubongo wangu ulizitambua herufi, na Dada Qiu akamwambia Sarnai afike Jumatatu kuanza kazi ya usaidizi. Nilidhani mambo yamekwisha, lakini Dada Qiu alinizuia mlangoni na daftari langu la kwanza mkononi.

"Mashine yangu haioni uongo, Ruolan. Inaona kazi iliyofanywa tu," alisema. "Wewe uliifanya nusu. Lakini lawama haikugawanywa nusu. Ilimwendea mwenzako, nzima."

Akanirudishia daftari. Ninalo hadi leo.