Sinia la Mama Desanka

"Fungua mdomo, binti. Kijiko kimoja tu."

Mama Desanka alikuwa amesimama mlangoni na sinia mikononi. Juu yake bakuli la slatko, plamu zilizopikwa na sukari mpaka zikang'aa, na glasi za maji. Kwao Valjevo, siku ya mtakatifu wa ukoo, mgeni haendi mezani kabla ya kuonja. Zorana alilijua hilo tangu utotoni. Akamtazama mchumba wake, Tihomir. Tihomir akamkazia macho: usithubutu.

Maana garini walishabishana.

"Mama asivione hivyo vidude vyako."

"Tihomir, ni vifuniko vya kunyooshea meno tu. Huvioni mpaka uambiwe."

"Kwa mama yangu, plastiki mdomoni ni meno ya bandia. Leo natangaza uchumba wetu mbele ya ukoo mzima. Usiniharibie."

Akamnyang'anya kikopo cha kuhifadhia vifuniko, akakisukumia kwenye droo ya gari.

Sasa Zorana alibaki na sinia mbele yake na vifuniko mdomoni. Sukari ikiingia mle inaganda kwenye meno mchana kutwa, na kuvivua mbele za watu amekatazwa.

"Samahani, mama. Nitaonja baadaye."

"Baadaye!" Mama Desanka akageuka na sinia lake. "Wa Belgrade hawa. Hata utamu wetu unawatia kinyaa."

Moyo wa Zorana ukazama. Ni kwa ajili ya mama huyo Zorana alikuja mpaka huku. Alikuwa hana mama, na alitamani sana apendwe na huyu.

Mezani taya lilimuuma. Asubuhi hiyo alikuwa amevaa jozi mpya, nayo jozi mpya hubana. Kila alipoona Mama Desanka anampita bila kumtazama, alijikuta anasaga meno. Daktari wake alishamwonya: "Ukiwa na wasiwasi, legeza taya. Midomo ifungwe, meno yaachane." Leo yaachane wapi!

Supu ikaletwa. Alikwenda chooni avivue, akakuta Radiša, mjomba wake Tihomir, amejifungia na sigara yake.

"Mjomba, utachelewa?"

"Binti, mimi humu nimehamia!"

Akarudi. Akajifanya anakohoa, akavivua, akavizungushia kitambaa cha karatasi na kuviweka kando ya sahani. Daktari alishamwambia mara ngapi: kisichokuwa mdomoni kikae kikoponi, kamwe kisifichwe kwenye karatasi. Lakini kikopo kilikuwa garini.

Alikuwa anamegea mkate kwenye supu alipoona sahani yake imeondolewa. Karatasi nayo haipo.

"Tihomir," alinong'ona, "vimechukuliwa."

"Nyamaza. Kula."

"Nikavifuate jikoni?"

"Nimesema kula!"

Akakaa. Angefanya nini? Alisikia birika likichemka, kabati likifunguliwa, chupa ikigongana na glasi. Kisha Mama Desanka akatokea na lile sinia, anatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile.

"Binti, umesahau meno yako! Bahati yako sikuyatupa jikoni. Nimeyamwagia maji ya moto yanayotokota, nikayasuuza kwa rakija, pombe kali ya baba yake Tihomir. Hakuna kijidudu kinachopona hapo."

Ndani ya glasi vifuniko vilikuwa vimejikunja kama majani yaliyopitiwa na moto.

Meza nzima ikachungulia glasi. Mjomba Radiša ndiye aliyeanza.

"Tiho, mpwa wangu! Umetuletea kibogoyo?"

Kicheko kikazunguka meza. Zorana akamgeukia Tihomir. Neno moja tu kutoka kwake lingetosha: Ni vya kunyooshea meno, mimi nilijua. Basi.

Tihomir akakata kipande cha nyama.

"Mimi sijui hata ni nini hivyo," alisema.

Zorana hakulia. Mama Desanka alikuwa bado ameshika sinia, anangoja shukrani, na kweli alikuwa amefanya kwa wema. Akavichukua, akavisukumiza mdomoni, akang'ata ili viingie. Taya likalia kwa ndani, karibu na sikio. Maumivu yakampanda mpaka kichwani. Alipovitoa, mdomo haukufunguka tena zaidi ya upana wa kidole.

Akachukua koti lake, akatoka.

Kwenye kituo cha mabasi alimpigia daktari. Maneno yalitoka kwa shida.

"Usivirudishe hivyo vilivyopinda," daktari alisema. "Ile jozi ya zamani unayo?"

"Nyumbani."

"Ukifika, ivae hiyo, meno yasirudi yalikotoka. Kitambaa cha uvuguvugu kwenye taya, vyakula laini, wala usilazimishe mdomo kufunguka. Kesho asubuhi uje. Nani kavichemsha?"

"Mtu mwema," Zorana alisema, na hapo ndipo machozi yalipotoka.

Gari likafunga breki. Tihomir akashuka mbio, mama yake nyuma na shali kichwani, mikono imekumbatia mtungi mdogo wa slatko.

"Zoki, nisamehe! Nilibabaika, watu walikuwa wanacheka. Rudi, mkate wa mtakatifu bado haujakatwa. Nitatangaza. Niambie kitu basi!"

Mdomo uligoma. Zorana akaandika kwenye simu. Ya Tihomir ikalia mfukoni.

"Mimi ndiye niliyeshindwa kufungua mdomo. Wewe wako ulikuwa mzima."

Akaisoma. Akaisoma tena.

"Nipishe," Mama Desanka akamsukuma kando. "Binti, mwanangu kanieleza njiani. Nimemvuta masikio, lakini sasa inasaidia nini? Nimekuharibia, na mimi nilidhani nasafisha." Akafungua mtungi. Akatoa kijiko mfukoni. "Huwezi kutafuna. Basi maji yake tu."

Zorana akafungua mdomo kadiri taya lilivyokubali. Mama Desanka akapitisha ncha ya kijiko taratibu, kama anamlisha mgonjwa. Utamu wa plamu ukamshuka kooni.

"Sasa umeonja," mama alisema, akamfuta kidevu kwa shali. "Sasa wewe ni wa nyumbani kwangu."

Basi la Belgrade likafungua mlango. Zorana akamkumbatia mama, akamkumbatia kwa muda mrefu. Kisha akavua pete ya uchumba, akaiweka juu ya kifuniko cha mtungi, akapanda.

Dirishani aliwaona wote wawili wamesimama. Mama ndiye aliyepunga mkono.