Anayefunua Vichanga

Mara ya kwanza Lukresia, mkunga wa zahanati, alidhani ni uzembe wa mzazi. Kichanga kilikutwa kimelala wazi, kanga zote tatu zimekunjuliwa, mama yake kapitiwa na usingizi wa uchovu. Mkunga akamlaza mtoto kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, akamsugua mgongo mpaka akapata joto.

Wiki iliyofuata ikatokea tena. Mtoto wa tatu alipelekwa hospitali ya wilaya midomo ikiwa ya bluu, akapona kwa rehema za Mungu tu.

Na kila mara wodi ilinuka maziwa ya mama, yale yanayoganda kwenye nguo ya mzazi asiye na wa kumnyonyesha.

"Nesi, miaka kumi na tisa napiga deki humu," alinong'ona Mama Martha, mhudumu wa zahanati. "Harufu zote za hapa nazijua, hata za soksi za mganga mkuu. Mwenye hii hakupita mlangoni. Hili ni jini. Kule Baray yuko mzee wa kuwatoa, tumwite."

"Siyo jini, mama."

"Ni nini basi?"

Lukresia alimjua mwenye harufu ile.

Mwezi Mei Angela, mke wa kibarua wa shamba la kahawa, alizaa mtoto asiye na pumzi. "Nionyeshe, nesi," alisema. "Pumzika kwanza," Lukresia akamjibu, akidhani anamhurumia. Alikuwa peke yake zamu ile. Akakifunga kile kiwiliwili harakaharaka, akatoka nacho nyuma ya zahanati, akakitia kwenye shimo la kutupia kondo la nyuma. Aliporudi, damu ya Angela ilikuwa imefika sakafuni, naye amekata roho. Hakuna mkunga anayemwacha mzazi saa ile ya kwanza, na yeye alimwacha. Na Hilary, mume wa Angela, alipoomba mtoto azikwe mikononi mwa mama yake, Lukresia hakuwa na ujasiri wa kusema mtoto yuko wapi. Alikunja kanga mbili, akazifunga vizuri kama mtoto, akaziweka kifuani mwa marehemu. Hilary alilibusu lile furushi.

Alhamisi iliyofuata maneno hayo ya Mama Martha, Sara alijifungua saa kumi jioni, ukungu ukiwa umeziba madirisha. Mama Martha alimletea uji, akakishika mwenyewe kikombe kwa sababu mikono ya Sara ilikuwa haina nguvu. Lukresia alikuwa anaandika daftari aliposikia miguu mitupu inatembea sakafuni, taratibu, kutoka kitanda kimoja hadi kingine, na harufu ya maziwa ikaja nayo, nzito, na mbele ya macho yake kanga ya mtoto wa Sara ikaanza kukunjuka yenyewe, pindo moja, kisha la pili, kwa uangalifu mkubwa, kama mikono ya mtu anayetaka tu kuona uso, na mtoto akaacha kulia, na ngozi yake ikaanza kufifia rangi huku Sara akipiga kelele, na Lukresia akamrukia mtoto, akamkumbatia, akahisi vidole vya baridi juu ya vyake, havimnyang'anyi, vinaomba.

"Angela, huyu si wako!"

Vidole vikatulia. Sauti ikaja karibu kabisa na sikio lake.

"Wangu yuko wapi?"

Lukresia alimrudisha mtoto kifuani kwa Sara, akamwambia Mama Martha, "Usiwaache hata kidogo," akakimbia kwenye shamba la kahawa kumtafuta Hilary.

Hilary alisikiliza yote bila kumkatiza, mkasi wa kupogolea ukiwa mkononi. Lukresia alingoja matusi. Hilary akavua koti lake, akamfunika mabegani, maana ukungu ulikuwa wa baridi.

"Nipeleke," akasema.

Hilary alipiga magoti kwenye mfuniko wa zege wa lile shimo, akauwekea kiganja.

"Angela, mwenzangu. Usiwasumbue watoto wa watu. Wetu yuko huku. Njoo."

Kitu chenye joto kikatoka wodini, kikawapita kwa haraka, harufu ya maziwa ikashuka chini ya zege, ikakatika.

"Nesi!" Mama Martha aliita dirishani. "Mtoto ameshika joto! Ananyonya!"

Hilary hakugeuka. Aliuliza, "Wetu alikuwa mtoto gani?"

Chuoni wakunga walifundishwa: mtoto akitoka, awe hai, awe mfu, mwinue mama yake amwone, aseme kwa kinywa chake mwenyewe ni wa kike au wa kiume. Siku ile Lukresia alimfunga haraka mno. Hakuangalia.

"Sijui, kaka Hilary. Nisamehe. Sijui."

Hilary akalaza paji la uso kwenye zege, akilia.

Ndipo chini ya mfuniko, kwa sauti ya mama anayechelea kumwamsha aliyelala, mtu akajibu:

"Wa kike, Hilary. Ana pua yako."