Kompyuta Chini ya Kitambaa

Kila jioni akirudi kutoka shuleni, Kanini alikuwa na kazi zake, na hakungoja kukumbushwa. Alivua sare akaitundika msumarini. Alijaza mtungi kwenye bomba la ploti, ule ua wa vyumba vya kupanga walimoishi. Alichagua maharagwe ya muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa ambayo Ndanu, mama yake, hangeacha kuyapika hata wangehamia wapi. Kisha alipangusa vumbi chumba kizima, isipokuwa meza moja ya kona.

Juu ya meza hiyo kulikuwa na kompyuta kuukuu, imefunikwa gubigubi kwa kitambaa cha nyuzi za rangi ya chungwa na kijani. Ndanu aliishi kwa kufuma vitambaa, na ungeingia kwake ungedhani vitu vyake vyote vinaona baridi. Kochi lilivaa, redio ilivaa, stuli ilivaa, hata kopo la sukari lilikuwa na kofia yake.

"Hii kompyuta si yetu," Ndanu alikuwa amesema siku walipoiweka hapo. "Ni amana ya mtu. Usiiguse mpaka mwenyewe aje."

Mwenyewe aliitwa Jeconia, mpiga picha wa mtaa wa Lindi, kule Kibera jijini Nairobi walikoishi kabla ya kuhamia Kawangware. Studio yake ilikuwa kibanda cha mabati chenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji upande mmoja na ndege upande wa pili, hivyo mtu aliyetoka kununua mkaa aliweza kupigwa picha akiwa safarini ng'ambo. Watoto walichungulia mlangoni kutwa. Jeconia aliwafukuza kwa mdomo tu, kisha akawaita wamshikie taa. Jioni kwaya ilifanya mazoezi nyuma ya kibanda, harufu ya omena, dagaa wa ziwani, ikipanda kutoka mtaa jirani wa Kisumu Ndogo, na akina mama wakiitana kutoka mlango hadi mlango kuombana chumvi. Kanini alipoyakumbuka hayo alitamani kurudi. Alipapenda Lindi, matope yake na kelele zake.

Halafu ukaja uchaguzi wa mwishoni mwa mwaka 2007. Matokeo yakabishaniwa, mji ukawaka moto, na majirani waliokuwa wakiombana chumvi wakaanza kuulizana majina ya ukoo. Asubuhi Ndanu alipokuwa akipakia godoro kwenye mkokoteni, Jeconia alikuja mbio amekumbatia kompyuta yake kama mtu aliyebeba mgonjwa.

"Mama Kanini, wewe unakwenda kwa ndugu yako Kawangware. Nibebee hii," alisema. "Duka langu sijui kama litaiona kesho. Mama yangu hawezi kutembea, siwezi kumwacha. Picha za watu wote wa huku zimo humu ndani."

Duka halikuiona kesho. Hata chumba cha Ndanu kiliteketea, na ndani yake ikaungua albamu yenye picha ya pekee ya Musyoka, babake Kanini, ambaye alifariki Kanini akiwa darasa la pili.

Amani ilipotiwa saini na shule zikafunguliwa, Ndanu alikodi chumba katika ploti ya mzee Gichuru, papo hapo Kawangware. Maisha yakaanza upya. Na Kanini, ambaye sasa alikuwa darasa la sita, akaanza kuwaza. Kama picha za watu wote wa Lindi zimo ndani ya kompyuta ile, si ya baba nayo imo?

Siku moja mama alipokwenda sokoni kuuza vitambaa, Kanini aliichomeka kompyuta kwenye stima. Alitafuta mpaka akampata. Musyoka alikuwa amesimama mbele ya maporomoko ya pazia, amevaa sweta, amembeba Kanini mdogo mwenye mashavu manene. Alikuwa akicheka. Kanini alikuwa amesahau kwamba babake alikuwa na mwanya. Alimtazama, akalia, akazima.

Laiti angeishia hapo. Lakini kesho yake aliiwasha tena kumwona baba, na keshokutwa akagundua kwamba ndani kulikuwa pia na mchezo wa karata. Basi baba akawa anatazamwa dakika mbili na karata saa nzima. Kwa kuwa mama angeweza kurudi wakati wowote, Kanini alibuni ujanja. Hakukiondoa kitambaa. Alikipandisha mbele kidogo tu, kama pazia la dirisha, akachezea chini yake. Akisikia viatu vya mama uani, aling'oa waya ukutani, akaachia kitambaa, akashika kitabu cha hesabu.

Mashine ilikuwa ikipata moto. Kanini aliuhisi usoni, lakini alijiambia kwamba kompyuta ndivyo zilivyo. Ikawa nzito. Ikawa inajizima yenyewe. Mwishowe ikakataa kabisa: ukiiwasha, inaandika mstari mmoja mweupe kwenye skrini nyeusi, basi.

Wiki hiyohiyo Jeconia alipiga simu. Angekuja Jumapili baada ya kanisa kuchukua kompyuta yake. Watu wa Lindi walikuwa wakimwuliza kila siku habari za picha zao, kwa maana walichobaki nacho wengi wao ni nguo walizokuwa wamevaa.

"Mwambie tunamngoja," Kanini alimsikia mama akisema kwa furaha. "Iko salama, hata vumbi haijaliona."

Usiku huo Kanini alihesabu siku zilizobaki kabla ya Jumapili.

Jumamosi, mama alipotoka tu, Kanini alikwenda kugonga kwa Maggie, bintiye mzee Gichuru. Maggie alisomea mambo ya kompyuta katika chuo kimoja mjini, na hakuwa na maringo ya watoto wa wenye ploti.

"Sasa, Kanini?"

"Poa. Maggie, kuja uone kompyuta yetu. Imegoma."

"Kumbe mko na kompyuta na mmenyamaza hivyo?" Maggie alicheka, akachukua bisibisi na mkoba wake.

Alikikunja kitambaa, akafungua ubavu wa mashine, akakunja uso. Kwa vidole viwili akavuta kutoka kwenye feni donge la manyoya ya uzi, rangi ya chungwa na kijani.

"Ona hii. Feni imevuta uzi mpaka ikasakamwa. Hii mashine ilikuwa ikifanya kazi imefunikwa?"

Kanini aliangalia dari. "Sijui."

"Na imekuwa ikizimwa kwa kung'oa waya, sivyo? Mfumo unaoiendesha umeharibika." Maggie alisafisha feni kwa brashi ya rangi, akafunga ubavu. "Lakini usijali, chuma chenyewe ni kizima. Hata huo mfumo wa zamani ulikuwa mzito mno kwa mashine ya umri huu, ni kumbebesha mzee gunia. Nitaiwekea mwingine mwepesi. Unaitwa Linux, ni wa bure, sisi chuoni tunapeana sidii zake tu. Kuna kitu chochote ndani unachohitaji?"

Hapo ndipo Kanini alipofanya kosa kubwa kuliko yote ya mwanzo. Akisema kuna picha, ataulizwa ni picha za nani. Akisema za nani, Maggie atajua kompyuta si yao, na mama ataambiwa. Isitoshe, aliamini kubadilisha mfumo ni kama kubadilisha kufuli ya mlango, vitu vya ndani vinabaki mahali pake.

"Hakuna kitu," alisema. "Iko tupu."

Sidii ikaingia, ikanguruma. Rangi zikachanua kwenye skrini, na Kanini akapumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Maggie alijibu swali moja baada ya jingine, akichagua lugha, akichagua nchi, akipiga mluzi. Kisha akasita.

"Sawa. Hapa ndipo panapofuta. Nikibonyeza, kila kilichokuwa kwenye diski kinakwenda, halafu tunaanza na ukurasa mweupe."

"Kinakwenda wapi?"

"Hakiendi popote. Kinafutika. Si umesema iko tupu?"

Kanini aliisogelea meza. Na wakati huohuo, nje, akasikia viatu. Alivijua vile viatu, alikuwa amevisikiliza kwa wiki nyingi, mkono mmoja kwenye waya na mwingine kwenye kitambaa. Waya ulikuwa karibu. Angeweza kuung'oa hata sasa, akaachia kitambaa, akasema stima imepotea. Mkono wake ulikwishaanza kwenda.

Lakini kidole cha Maggie kilikuwa juu ya kibodi, na Kanini aliona kwa macho ya moyo uso wa babake na mwanya wake, na kwaya yote ya Lindi, na maharusi wote waliosimama mbele ya ile ndege ya rangi.

"Usibonyeze," alisema. "Nimekudanganya. Sio yetu. Ni ya Jeconia, na imejaa picha za watu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiiwasha chini ya kitambaa, mimi ndiye niliyeiharibu."

Alipogeuka, Ndanu alikuwa amesimama mlangoni na kikapu chake. Alikuwa amesikia yote.

Maggie aliondoa mkono wake polepole kama mtu aliyegundua ameketi karibu na jiko la moto.

"Nilimwambia yule mtu hata vumbi haijaliona," Ndanu alisema hatimaye. Sauti yake ilikuwa ya chini, na Kanini angependa zaidi apigiwe kelele. "Ulikuwa hapo ukinisikiliza."

"Nisamehe, mama. Nilitaka kumwona baba."

Ndanu aliweka kikapu chini. "Baba yupi?"

"Mama Kanini," Maggie aliingilia, "bado sijafuta kitu. Hii sidii ina uzuri mmoja. Inaweza kuiamsha mashine yenyewe, bila kugusa diski hata kidogo. Tuchungulie kwanza kama vitu vimepona."

Akarudi nyuma, akachagua njia nyingine. Safari hii kompyuta iliamka bila kuulizwa maswali. Maggie akafungua diski, na hapo pakatokea picha, safu kwa safu: ubatizo, mahafali ya chekechea, timu ya mpira iliyovaa jezi zisizolingana, bibi kizee aliyeshikilia redio yake ili nayo ipigwe picha. Kanini alionyesha kwa kidole palipokuwa na baba.

Ndanu alisogea mpaka pua yake ikakaribia skrini. Hasira yote aliyokuja nayo ikamponyoka. Akaketi juu ya stuli.

"Hiyo sweta niliifuma mimi," alisema. "Uzi uliobaki ndio hiki kitambaa. Niliona kitu cha thamani kifunikwe na kitu cha thamani." Akajifuta macho kwa ncha ya leso, kisha akakumbuka kuwa mkali. "Kesho utamweleza Jeconia mwenyewe. Sitakusaidia hata kwa neno moja."

Alasiri yote walinakili picha kwenye flashi ya Maggie, kikundi baada ya kikundi, kitambaa kikiwa kimekunjwa mbali juu ya kitanda. Zilipokwisha kuwa salama, Maggie akaweka ule mfumo mpya, akazirudisha picha mahali pake. Kompyuta iliyokuwa ikikokota miguu ikafunguka upesi kuliko hata siku za Lindi.

Jumapili Jeconia alifika, amekonda, koti lake la kanisani likimpwaya. Kabla chai haijamiminwa, Kanini alisimama mbele yake, akaeleza kila kitu: karata, waya, donge la uzi, na uongo aliomwambia Maggie. Alimaliza huku akitazama vidole vya miguu yake.

Jeconia alivuta kiti, akafungua picha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alitaja majina. Huyu alirudi kwao Kitui. Huyu yuko Siaya. Hawa wawili walikuwa majirani, na sasa hawasalimiani. Angewapelekea hii waliyopigwa wameshikana mabega. Alipofika kwa Musyoka alimtazama Ndanu, akaendelea.

"Nyara," alisema mwishowe, yaani binti yangu kwa Kijaluo, "mashine kuharibika si habari. Mimi nimeziharibu nyingi, moja kwa chai niliyoimwaga mwenyewe. Mtu akiharibu akasema, fundi anajua pa kuanzia. Lakini akiharibu akanyamaza, anakuja mwingine na roho safi anamalizia kuharibu. Maggie angewafuta watu wote wa Lindi, na kosa lisingekuwa lake. Ulichelewa kusema ukweli, lakini ulisema kabla ya kidole kushuka, na ilikugharimu. Shika hilo. Siku nyingine sema mapema zaidi."

"Ndiyo, anko."

"Na wewe, Mama Kanini, usiache kuifunika. Ifunike ikilala. Ikiamka, ivue nguo."

Ndanu alicheka, kwa mara ya kwanza tangu jana.

Kompyuta haikuondoka siku hiyo. Jeconia hakuwa na duka la kuipeleka, na wengi wa wateja wake wa zamani walikuwa wametawanyika huku na huku. Basi kila Jumapili waliotoka Lindi walikuja Kawangware kutafuta nyuso zao, wakaketi kwenye viti vya kuazima, wakila muthokoi na kubishana nani alikuwa mnene zamani. Kazi ya kuwafungulia picha alipewa Kanini, na kabla ya kuiwasha alikunja kitambaa akakiweka mahali ambapo kila mtu angekiona.

Picha ya kwanza Jeconia kuichapisha ilikuwa ya Musyoka. Ndanu aliitundika ukutani mkabala na mlango, na chumbani mote hicho ndicho kitu pekee ambacho hakukifumia kitambaa.