Mazoezi ya Kidoti Yalikuwa Yanakwenda Wapi?

"Mama, mwanao hajawahi kunitumia zoezi hata moja. Hata moja! Mwakani anarudia darasa."

Jamani!

Nilikuwa ofisi ya walimu, kwenye kile kiti kibovu wanachowawekea wazazi. Binti yangu Kidoti kasimama pembeni.

"Ticha, mtoto anatuma kila jioni. Namwona kwa macho yangu!"

"Unamwona anatuma, au unamwona kashika simu?"

Hapo akanipata.

Ngojeni niwaeleze. Mimi ni msusi, nina saluni yangu pale mbele ya nyumba. Simu ni moja, ya kazi. Asubuhi kabla hata sijapiga mswaki nisharusha picha za mawigi kwa kila namba niliyonayo, si biashara matangazo? Jioni simu ni ya Kidoti. Anapiga picha daftari lake, anamtumia ticha wa hesabu, ananirudishia.

Au ndivyo alivyokuwa ananiambia...

Tulirudi nyumbani. Shetani naye akaanza kuninong'oneza: huyu mtoto ana bwana! Nikapekua begi. Nikainua godoro. Nikakung'uta mpaka soksi.

"Una bwana, siyo? Unachati na nani?"

"Na ticha tu, mama."

"Na ticha?! Mnachati nini?"

"Mazoezi, mama! Mbona huniamini?"

Akaangua kilio. Nami kwa roho yangu mbaya nikamwambia anyamaze.

Nikafungua simu mwenyewe. Weee! Mazoezi yote yapo, ukurasa kwa ukurasa, na mwandiko wake ule wa kulala.

Kumbe mwongo ni ticha! Na si juzi tu katangaza tuisheni ya kulipia ya jioni, eti wanaofeli ndio waanze? Nikasema huyu baba kesho atanitambua.

Asubuhi nikatinga shuleni na aproni yangu ya saluni, chanuo limechomekwa kichwani, Kidoti nyuma yangu.

"Ticha, shika simu hii! Haya ni nini?"

Akatazama. Akakunja uso. Akatoa ya kwake, akatafuta, akatafuta...

"Mimi huku sina kitu, mama. Na mbona picha zako zote zina tiki moja? Hazijafika hizi."

"Mtandao wako mbovu!"

"Tangu muhula uanze?"

Tukakodoleana macho. Yeye ananiona tapeli, mimi namwona mwizi.

Kidoti akasema taratibu, "Ticha, labda umetubloki."

"Niwabloki kwa lipi? Mimi nimembloki mtu mmoja tu maisha yangu yote, kichaa mmoja wa mawigi. Hata sijui namba yangu kaitoa wapi! Kila alfajiri, 'Shosti, amka upendeze!' Mke wangu nusura aondoke!"

Ofisi nzima ikacheka.

Mimi sikucheka. Namba nilizitoa kwenye grupu la wazazi, na ticha yumo. Zote.

"Ticha... huyo kichaa ni mimi."

Kumbe miezi yote hiyo nilikuwa nimekula bloku!

Akanifungulia, Kidoti akatuma upya. Simu ya ticha ikalia, ikalia, mpaka ikaganda. Akasoma moja moja, kisha akamgeukia mtoto.

"Binti, nisamehe. Hesabu zako ziko safi. Hurudii darasa."

Mimi nilikosa pa kuweka uso.

Tulipotoka getini Kidoti akaniuliza, bila hata kunitazama:

"Mama, yule bwana uliyekuwa unamtafuta chini ya godoro... ulimpata?"

Nilimwomba msamaha palepale barabarani, watu wanapita, sikujali.

Wazazi wenzangu, watu wazima wawili tulitiliana shaka mpaka tukataka kushikana mashati, na mtoto aliyekuwa anasema kweli tangu mwanzo ndiye tuliyemliza. Mwanao akikwambia kitu, msikilize kwanza. Godoro halikimbii.

Na wewe mzazi wa darasa lile unayesoma hapa, najua na wewe umenibloki. Nifungulie basi, shosti. Sirushi tena.