Mashine ya Bi Lucinda

Rafiki yangu Sudi, fundi televisheni wa Chuno, siku hizi akiitwa kazi Magomeni hukataa. Mara ya mwisho aliitwa na Bi Lucinda, mama aliyeachiwa mashine ya gemu na kaka yake aliyerudi Msumbiji. Ilikuwa ya zamani, ya kabati la mbao na kioo kinene, na mama huyo aliitegemea impatie riziki. Ila picha ilipinda upande wa kushoto.

"Sumaku tu hiyo, mama," alisema Sudi. Akafunga madirisha aone rangi vizuri, akaitoa spika ya mashine, yenye sumaku. Picha haikunyooka. Akaigeuza mashine itazame ukuta wa pili, na sasa ikapinda kulia, kuelekea kona ileile ya chumba.

"Kuna nini pale konani?"

"Hakuna kitu, fundi. Hata kiti hatuweki pale."

Bi Lucinda akatoka kwenda kuchota maji. Chumbani kukabaki giza na mlio mwembamba wa kioo. Sudi akatazama ule mpindo ukihama. Ulitoka kulia, ukasogea polepole mpaka ukasimama katikati ya kioo, usawa wa kifua chake, kana kwamba kilichouvuta kimetoka konani na kumfikia.

Akachomoa waya ukutani. Kioo kikazima, mlio ukakatika.

Kisha akasikia kijiti cha kuchezea cha mashine kikigonga, kushoto, kulia, kushoto, taratibu. Akakiwekea kiganja kukinyamazisha, nacho kikaendelea kumsukuma mkono, kushoto, kulia, kushoto.