Simu Moja Imeunganishwa

Haya yalimpata rafiki yangu Norbert, fundi wa kompyuta wa mji wa Baraka. Alikuwa ameitwa aende Mboko, kando ya ziwa, matangani kwa marehemu Eddy, mvuvi, ili kompyuta ya familia igawe intaneti kwa simu za ndugu, na jamaa walio mbali waone ibada. Alijigamba kwamba ni kazi ya dakika mbili.

Saa nzima ikapita. Alizima, akawasha, akabadilisha neno la siri, wapi! Waombolezaji waliozunguka jeneza wakaacha kuimba, wakamtazama. Mvua ikaanza kupiga mabati na chumba kikajaa giza. Kwa aibu, Norbert akamdanganya mjane: "Mama Ketsia, mashini iko muzuri. Simu zenu ndizo mbaya."

Mjane akainamisha kichwa. "Basi, baba. Bamama, muzime simu zenu."

Zikazimwa zote. Norbert akashika kompyuta aifunge. Kioo kikaonyesha simu moja imeunganishwa, jina lake Eddy.

"Simu ya Eddy iko wapi?" akanong'ona.

"Ilizama naye ziwani, ikakufa," mjane akajibu. "Tulimuwekea mufukoni, humo ndani ya sanduku."

Chini ya kifuniko cha jeneza, kitu kikalia: ti.