Benchi la Bima kwa Ishwarlal

Mvua ya mawe ya Nakuru haipigi hodi. Jumamosi moja ya mwaka wa sabini na tatu iliwashukia watu sokoni, vitunguu mkononi, na kila mtu akakimbilia paa lililokuwa karibu. Wamuyu alikimbilia baraza la duka la vitambaa la Ishwarlal. Alikuwa amevaa gauni la manjano lililoishia juu ya magoti, nywele amezichana zikasimama duara, na viatu vyake vipya vya soli nene alivishika mkononi, maana afadhali miguu ilowe kuliko viatu. Aliona nafasi kwenye benchi, kati ya mzee mwenye mkongojo na bibi aliyevimba miguu, akaketi. Hakujua kwamba ameingia kwenye foleni.

"Wewe ni macho ama miguu?" sauti ikamuuliza.

Aliinua uso. Nyuma ya meza ndogo alikaa kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka kola inasimama yenyewe, kofia yake ya kahawia imelala mezani.

"Mimi ni mvua," Wamuyu akajibu.

Benchi zima likacheka. Bibi wa miguu alicheka mpaka akakohoa, na kijana yule akamshika mkono mpaka kikohozi kikapita. Hilo Wamuyu aliliona, akaliweka moyoni.

Kijana aliitwa Kipkoech, mtu wa Kericho, karani wa mishahara katika kiwanda kimoja cha kusaga unga. Kazi yake ya kila mwezi ilikuwa kukata bima ya hospitali kwenye mishahara ya wafanyakazi. Siku aliposikia kwamba sasa hata mtu asiye na mshahara anaweza kujiunga kwa hiari, mjane, mkulima, mlemavu, alifurahi sana. Lakini habari ile ilipofika mashambani ilifika imepindapinda. Wengine walisikia ni kodi mpya. Wengine walisema kulipia hospitali ukiwa mzima ni kuuita ugonjwa uje nyumbani. Ndipo Kipkoech na Daksha, mwalimu na binti wa Ishwarlal, walipoweka benchi pale barazani kila Jumamosi alasiri, wawaeleze watu bure. Na hilo neno bure ndilo lililowasumbua kuliko yote, kwa sababu mtu wa Nakuru ukimwambia kitu ni bure, anashika mfuko wake.

"Mimi bima ninayo," Wamuyu alisema akikamua pindo la gauni. "Nafanya kazi ya simu kwenye ofisi ya chama cha wakulima. Nina kadi yangu. Kwa hivyo mama yangu hana shida, hata macho yake yakizidi."

"Kadi yako inamjua mume wako na watoto wako," Kipkoech alisema. "Mama yako haimjui."

Wamuyu aliacha kukamua. Tangu apewe kadi alikuwa akilala usingizi mzuri akiamini kadi ile inamfunika mama.

"Mume sina," akasema baadaye.

"Hilo nalishukuru kimoyomoyo," Kipkoech akasema, akainama haraka kuandika, na mzee wa mkongojo akamgonga Wamuyu kwa kiwiko.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Jumatatu saa ya chai, simu ililia kwenye bodi ya Wamuyu ya kuunganishia laini.

"Chama cha wakulima, hallo. Nikuunganishe na nani?"

"Niunganishe na wewe."

"Mimi si laini, bwana."

"Basi nitangoja. Kungoja nimezoea, mimi ni Mkipsigis."

"Na mimi ni Mkikuyu, tunalipisha kwa dakika."

Walipigiana simu mvua ikinyesha na vumbi la ziwa likipeperuka. Walitembea jioni chini ya miti ya Milimani, Kipkoech na suruali yake pana chini iliyofagia barabara, Wamuyu akimwita mfagiaji wa manispaa. Alimwita pia mpenzi, lakini polepole, kama mtu anayejaribu kiatu. Na kila mara Kipkoech aliuliza habari moja: "Mama utamleta lini? Huwezi kujiandikisha leo ukapasuliwa kesho. Lazima kadi ikae kwanza."

Mama yake, Mugure, alikuwa mjane aliyeishi shambani Bahati, nje ya mji, na utando ulikuwa umefunika macho yake yote mawili. Daktari alikuwa amesema yanaweza kupasuliwa akaona tena. Alichoona sasa kilikuwa vivuli tu. Kuku alimjua kwa sauti, na mtu kwa mwendo.

Wamuyu alimleta. Alimfunga kitambaa kipya kichwani, akamshika mkono kutoka stendi mpaka barazani kwa Ishwarlal. Nyumbani hakuwa amesema lolote la mapenzi, alimwambia ni karani fulani tu anayesaidia watu. Walikaa foleni. Mbele yao Kipkoech alimpokea mama mmoja kwa mikono miwili, akamuuliza habari za tumbo na za uzazi, wakacheka pamoja. Wamuyu alivimba kwa fahari.

"Koech," alisema zamu yao ilipofika, "huyu ndiye mama yangu."

Kipkoech alisimama ghafla mpaka kiti kikaanguka. Alivua kofia. Mama akanyoosha mkono, ukabaki hewani, kwa sababu Kipkoech alikuwa ameficha mikono yake mgongoni.

"Daksha atamsaidia," alisema akiangalia sakafu. Akaingia dukani, akapita katikati ya majora ya vitambaa, akatokea mlango wa nyuma, akaenda.

Benchi lote lilikodoa macho. Daksha alianza kusema, "Mama, karibu, keti hapa," lakini Wamuyu alikuwa tayari amemshika mama mkono.

"Twende zetu," alisema. "Hapa si petu."

Njia nzima ya kurudi Bahati alijihesabia sababu. Mama hakuvaa viatu. Mama haoni. Mama ni Mkikuyu wa shamba, na Kipkoech ametafutiwa msichana kwao. Kila sababu ilimuuma zaidi ya iliyotangulia, na alizililia zote.

Jumatatu simu ikalia.

"Wamuyu, nisikilize."

"Namba hiyo haipatikani."

"Lakini ni wewe unazungumza."

"Ndiyo hiyo haipatikani." Akachomoa waya.

Ningependa kusema Kipkoech alikwenda Bahati akajieleza. Hakwenda. Aliamini kila mtu duniani anajua alichofanya pale barazani na kwa nini, na kwamba Wamuyu amejua na hakumtaka. Mwanamume huyu aliweza kueleza bima kwa Kikipsigis, Kiswahili na Kikikuyu cha kuokoteza, na la kwake likamshinda. Alipiga simu mara nyingine, akachomolewa, akaacha. Daksha alimwambia yeye ni mjinga. Alikubali, akaendelea kukonda.

Na mama hakuwa na kadi. Hilo ndilo lililokuwa baya, maana kila mwezi wa kununa ulikuwa mwezi mwingine wa giza kwa mtu ambaye hakuwa amegombana na yeyote.

Jumapili moja baada ya kanisa walikaa uani Bahati wakimenya njegere, mama akifanya kwa vidole tu.

"Yule karani," mama alisema. "Mbona alinikimbia?"

"Alikudharau, mama. Mwache."

"Nilisikia kiti kikianguka. Alisimama?"

"Alisimama."

"Akavua kofia?"

"Akavua."

"Wewe ukimdharau mtu unamvulia kofia?"

Wamuyu akachukua ganda jingine la njegere.

"Mkono wangu hakuupokea. Na wa yule mama wa mbele yetu?"

"Aliupokea. Kwa mikono miwili."

"Macho yake yalikuwa wapi nilipomnyooshea mkono?"

"Chini, sakafuni."

Mama aliacha kumenya. "Baba yako akija kwetu alikuwa anapita nyuma ya ghala ili asikutane na mama yangu njiani. Akimsikia kisimani, anarudi. Tulikuwa tukimcheka. Mpaka anakufa hakuwahi kumshika mkono, na hakuna mtu aliyempenda mama yangu kuliko yeye." Akatafuta goti la bintiye, akalishika. "Pale kwenye meza wanauliza nini?"

"Umri. Magonjwa. Ulizaa vipi. Kama choo unapata."

"Haya niambie. Kijana anayetaka mtoto wangu ataniulizaje mimi habari ya choo?"

Njegere zilimmwagika Wamuyu mapajani.

"Hajaniambia kitu kama hicho."

"Wewe hajakuambia. Mimi ameniambia mbele ya watu wengi, na ukanivuta mkono kabla sijamjibu."

Jumatatu ni Wamuyu aliyepiga. Aliomba karani wa mishahara. Nyuma ya sauti ya Kipkoech mawe ya kusaga yalikuwa yakinguruma.

"Kipkoech. Mama yangu ni nani kwako?"

Mawe yalinguruma peke yake mpaka Wamuyu akadhani Kipkoech ameweka simu chini.

"Ni mkwe wangu," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu ile mvua ya mawe."

"Na mkwe alipopatikana, mimi nilikuwa wapi?"

"Nilifikiri unajua."

"Nijulie wapi, Koech? Hata kwetu mkwe anaheshimiwa hivyo. Lakini kwetu mtu huanza na mke." Alikuwa analia na kucheka, na mwenzake wa bodi ya pili alijifanya kutafuta kalamu. "Nilidhani umemwonea aibu. Nimekuchukia, unajua? Nimekuchukia kila siku, na kila siku nilikuwa nangoja hii simu ilie."

"Nisamehe, mpenzi. Basi wacha nikuulize sasa."

"Kwa simu ya ofisi? Hapana. Jumamosi, uso kwa uso. Na mama ataandikishwa siku hiyohiyo."

"Siwezi kumuuliza yale maswali."

"Tafuta njia. Si wewe ndiye mshauri?"

Njia ilipatikana, na Nakuru haijaona bima ya namna hiyo tena. Jumamosi ile Kipkoech alikaa dukani ndani, nyuma ya majora ya hariri yaliyoning'inia. Mama Mugure alikaa nje kwenye benchi, mgongo umeelekea mlango. Daksha alisimama kizingitini katika sari yake ya buluu akipeleka maneno huku na huku, ingawa kutoka benchi mpaka hariri palikuwa karibu kiasi cha kusikia mtu akipumua. Wamuyu aliegemea mwimo wa mlango, akiwaona wote wawili.

"Anauliza, mama ana tatizo gani lingine zaidi ya macho?" Daksha akasema.

"Mwambie goti, wakati wa baridi."

"Anasema goti, wakati wa baridi."

"Nimesikia," sauti ya ndani ikasema. "Mwambie asichelewe kulipa hata mwezi mmoja, na kadi aitunze pakavu. Akienda hospitali aende nayo."

"Mwambie nina binti wa kunikumbusha, akiacha kununa."

Ishwarlal mwenyewe alikuwa ameacha kupima kitambaa cha mteja. Kipkoech aliinua macho, akamwona Wamuyu pale mlangoni, gauni ni lile la manjano. Alisimama, na safari hii kiti hakikuanguka.

"Wamuyu," alisema kwa sauti ndogo, "utanikubali?"

Daksha, ambaye mdomo ulikuwa umeshazoea kazi, akageukia benchi. "Anauliza kama utamkubali."

"Hilo si langu," mama akasema. "Lipeleke kwa mwenyewe."

Watu wa benchi walishindwa kujizuia. Wamuyu alisubiri wamalize kucheka. Kipkoech alikuwa hatua moja tu kutoka kwake, lakini alimgeukia Daksha.

"Mwambie nimekubali," alisema. "Na mwambie kabla ya kuamua jambo lingine lolote, aanze kwangu."

Karatasi ikaletwa, na kibao cha wino. Daksha alishika kidole gumba cha mama, lakini mama akakivuta nyuma.

"Ngoja kwanza. Niulizie kitu cha mwisho. Haya macho yakipasuliwa, nikaona, nitaruhusiwa kumwangalia huyo kijana?"

Ndani ya duka hariri ikatikisika kidogo.

"Anasema," Daksha akajibu, "kwa mbali."

Mama Mugure alifikiri kidogo, akaweka kidole kwenye wino.

"Kwa mbali inatosha," akasema. "Sasa hivi hata wa karibu simwoni."